Uwanja Ukibishana na Kitabu

Kilima cha Salaita, kando ya barabara itokayo Voi kwenda Taveta, kinakumbukwa kwa kosa la macho. Tarehe 12 Februari 1916 mizinga ya Waingereza ilikimiminia kilele chake makombora, ikiaminika kwamba Wajerumani wamejichimbia juu. Wenyewe walikuwa chini, katika mahandaki yaliyofichwa na vichaka. Askari wa miguu kutoka Afrika Kusini walipokaribia walipokewa na bunduki za rashasha, wakarudi walikotoka. Kilima kilikuwa kimepelelezwa siku kadhaa kabla ya hapo. Ila aliyekwenda kukitazama alikwenda na jibu lake mfukoni: ngome hukaa kileleni.

Leo katika nyika hiyo, kuanzia Voi kupitia Mwatate, Bura na Maktau hadi Taveta, kuna shule za msingi zenye viwanja vya udongo mwekundu, mwarobaini au mgunga wa kivuli, tangi la maji na mlingoti wa bendera. Mtaala unataka watoto watoke darasani wakajifunze sayansi kwenye viwanja hivyo kwa kugusa, kupima na kuuliza. Wazo hilo ni la zamani kuliko mtaala wenyewe. Limejaribiwa Kenya kwa takriban miaka sitini, na kila mara limesifiwa kisha likafifia. Sababu zinazotajwa huwa zilezile: vifaa hakuna, watoto ni wengi, walimu hawakuandaliwa.

Sababu hizo zina ukweli, lakini kuna nyingine isiyotajwa ambayo imezibeba zote. Uwanja umepewa kazi ya kuonyesha kile ambacho kitabu kimekwisha kusema. Haujapewa ruhusa ya kukikosoa. Basi kipimo cha sayansi ya uwanjani ni hiki: siku uwanja ukibishana na kitabu, daftari la mtoto litaandika nini?

Kijiti, kopo na mbegu

Tuanze na kifaa kisichonunuliwa: kijiti cha mita moja kilichosimikwa wima mahali peupe. Salaita iko takriban nyuzi 3.4 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la adhuhuri hupita utosini mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 12 Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba. Mara zote mbili shule huwa zimefunguliwa. Siku hizo kivuli cha kijiti hujikusanya chote kwenye shina lake. Mwishoni mwa Juni kivuli cha adhuhuri huwa kimelala upande wa kusini, urefu wake nusu mita hivi. Mwishoni mwa Desemba kimehamia kaskazini, sentimita 36 hivi. Mtoto aliyeweka kokoto kwenye ncha ya kivuli mara moja kwa wiki atakuwa, mwaka ukiisha, amechora mstari unaosimulia safari ya dunia.

Lakini kijiti hicho kina ubishi. Watoto wengi wamefundishwa kwamba jua huwa utosini saa sita mchana. Saa ya Waswahili yenyewe, inayohesabu kutoka macheo, imejengwa juu ya imani hiyo. Pale Salaita, saa sita ikigonga, kivuli bado hakijafika mwisho wa kufupika. Kwa wastani hungoja karibu nusu saa. Katikati ya Machi hungoja karibu dakika 40, na mwanzoni mwa Oktoba dakika 20 hivi. Sababu ya kwanza ni kwamba saa ya Afrika Mashariki imepangwa kwa mstari wa longitudo wa nyuzi 45, unaopita karibu na Mogadishu, nasi tuko magharibi yake kwa nyuzi zaidi ya saba, na kila nyuzi moja ni dakika nne za jua. Sababu ya pili, inayoitofautisha Machi na Oktoba, ni kwamba njia ya dunia kulizunguka jua si duara kamili na mhimili wake umeinama. Mtoto wa Gredi ya 5 hahitaji kuielewa sababu ya pili. Anahitaji kuruhusiwa kuandika kwamba kivuli hakikulitii jibu.

Kifaa cha pili ni kopo lenye kuta zilizonyooka, mfano wa kopo la maziwa ya unga. Likiwekwa mahali pasipo na mti wala paa la kulikinga, maji yanayoingia hupimwa kwa rula ya kawaida. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la darasa lenye urefu wa mita 8 na upana wa mita 6 likinyeshewa milimita 10 hupokea lita 480, na hapo hesabu, sayansi na kiu ya shule vimekutana kwenye mfereji mmoja wa bati. Nyanda za chini za Taita Taveta hupata takriban milimita 500 za mvua kwa mwaka, ilhali milima ya Taita inayoonekana kutoka hukohuko chini hupata zaidi ya 1,000. Shule mbili zikipeana tarakimu za makopo yao, watoto watauliza kwa nini kabla mwalimu hajauliza.

Kopo nalo hubisha. Kitabu hufundisha kwamba masika ndiyo mvua kubwa na vuli ni mvua ndogo. Mkulima wa nyanda kavu za kusini mashariki mwa Kenya anajua kwamba aghalabu vuli ndiyo ya kutegemewa, na masika humwangusha mara nyingi zaidi. Shule iliyoweka kumbukumbu za kopo kwa miaka mitano ingekuwa na la kusema katika mjadala huo. Isiyoweka hunakili tu sentensi iliyoandikwa kwa ajili ya nchi nzima.

Tazama sasa mbegu. Kila mtoto wa shule ya msingi anajua kuyataja mahitaji ya mbegu ili iote: maji, hewa na joto la kutosha. Mpe mbegu thelathini za mgunga azipande kwa mafungu matatu: kumi zikiwa kama zilivyo, kumi zikiwa zimekwaruzwa ganda kwa jiwe, kumi zikiwa zimelowekwa katika maji ya moto yakaachwa yapoe. Fungu la kwanza litapata maji, hewa na joto, na huenda nyingi zikabaki kimya. Ganda la mgunga ni gumu mno kupitisha maji. Porini hulainishwa na tumbo la mbuzi, swala au ndovu, na ndiyo maana miche huonekana kwenye rundo la mavi. Orodha ya kitabu ina ukweli, ila ina pengo, na pengo hilo linaonekana hapa nyikani pengine kuliko mahali pengine popote.

Mbuyu una hoja yake pia. Jani ndilo jiko la mmea, husema kitabu, na mbuyu husimama miezi mingi bila jani hata moja na haufi. Kwaruza kidogo ngozi ya tawi changa kwa ukucha utaona rangi ya kijani chini yake: gome nalo linapika, kwa kiasi chake. Maua yake hufunguka jioni na kusubiri popo. Watoto wanaomumunya mabuyu yenye rangi wakati wa mapumziko wana mbegu za somo hilo kinywani.

Mdudu ninayempenda zaidi hukaa chini ya upenu wa darasa, mahali ambapo mvua haifiki na vumbi ni laini. Huchimba kishimo cha mfano wa faneli, hujizika kwenye kitovu chake akabakiza taya, na sisimizi akikanyaga ukingo humrushia mchanga hadi aporomoke. Kila kijiji kina jina lake kwa mdudu huyo, na kila mtoto amewahi kumchokoza kwa unyasi. Wachache wanajua kwamba huyo ni buu, na kwamba akikomaa atapata mabawa afanane na kereng'ende. Maswali yake hayaishi. Je, mashimo huwa makubwa zaidi mchanga ukiwa laini? Aliyeshiba huchimba kama mwenye njaa? Mbona hutembea kinyumenyume? Hakuna swali kati ya hayo linalohitaji maabara, na mwalimu halazimiki kuwa na jibu lake tayari.

Miaka sitini ya kujaribu

Mdudu huyo amewahi kuwa mwalimu rasmi. Katikati ya miaka ya 1960 ulianzishwa Mpango wa Sayansi kwa Shule za Msingi za Afrika, ukiungwa mkono na kituo cha maendeleo ya elimu kilichoko jimbo la Massachusetts, Marekani. Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwemo, pamoja na nchi kama Nigeria, Ghana na Malawi. Walimu na wanasayansi walikaa pamoja wakatunga vijitabu vya shughuli kwa kutumia vilivyopo: mchanga, mbu, nyasi za kujengea, rangi za mimea. Kimoja cha vijitabu hivyo kilihusu mdudu huyuhuyu wa kishimo, na wito wake ulikuwa kwamba ukitaka kujua habari zake, muulize mwenyewe.

Tathmini ya mpango huo nchini Kenya ilifanywa na Eleanor Duckworth, aliyekuwa mwanafunzi wa Jean Piaget. Hakutumia karatasi ya maswali. Alitandaza vifaa, akawaacha watoto wavishike wapendavyo, kisha akatazama ni mambo mangapi wanayabuni na wanayafikisha wapi. Waliopitia mpango walibuni mengi zaidi na kuyafikisha mbali zaidi kuliko wenzao ambao hawakuupitia. Matokeo yalikuwa mazuri, lakini mtihani wa kumaliza shule ya msingi uliendelea kuuliza mambo mengine kabisa. Tutaurudia.

Mwaka 1968 vilianzishwa Vilabu vya Wanyamapori vya Kenya, harakati ya vijana wa shule iliyokuwa ya kwanza ya aina yake barani Afrika, na gazeti lake la Komba likasomwa na vizazi. Jane Goodall naye alianzisha Roots & Shoots Dar es Salaam mwaka 1991 akiwa na wanafunzi 12. Vilabu vimefanya kazi kubwa, ila klabu ni shughuli ya Ijumaa alasiri. Inaweza kumfanya mtoto ampende ndovu bila kuigusa namna anavyofundishwa sayansi Jumatatu asubuhi.

Mwaka 1998 serikali za Kenya na Japani zilianza mradi wa kuimarisha ufundishaji wa hisabati na sayansi, kwanza sekondari na baadaye msingi. Nguzo zake zilikuwa shughuli za mwanafunzi, majaribio na kubuni vifaa kutokana na vilivyopo. Kisha ukaja mtaala wa umilisi, uliofanyiwa majaribio kuanzia mwaka 2017 na kuingia rasmi katika madarasa ya chini mwaka 2019, kuchukua nafasi ya mfumo wa 8-4-4 uliodumu tangu 1985. Kwa maandishi, huu ndio mtaala ulioukumbatia uwanja kuliko yote iliyoutangulia. Watoto wadogo wana Shughuli za Mazingira, na kuanzia Gredi ya 4 wana Sayansi na Teknolojia.

Katika utekelezaji, malalamiko yaliyosikika sana yalikuwa ya wazazi waliotumwa saiba usiku kuchapisha picha za wanyama na mimea. Mtaala uliomtaka mtoto amtazame mbuzi ulimfanya mzazi alipie picha ya mbuzi, huku mbuzi wenyewe wakila majani nyuma ya choo cha shule. Jopo la mageuzi ya elimu la Profesa Raphael Munavu, lililotoa ripoti yake mwaka 2023, lilipendekeza masomo yapunguzwe, na yakapunguzwa. Mzigo ulipungua, lakini idadi ya masomo haielezi kwa nini picha ilionekana kuwa ushahidi bora kuliko mbuzi. Picha hubandikwa daftarini, ikakaguliwa na kutiwa alama. Mbuzi hakai kwenye faili.

Vizuizi vya kweli

Vipo vizuizi ambavyo si vya kubuni. Tangu elimu ya msingi bila malipo ianze mwaka 2003, madarasa mengi yamejaa kuliko anavyoweza kuyamudu mwalimu mmoja. Kuwatoa watoto sitini nje ni kuhatarisha kipindi kizima. Ufumbuzi upo, nao ni wa kamba: kila kundi la watoto sita au saba hupewa mraba wa mita moja kwa moja uliozungushiwa kamba, mmoja anahesabu, mmoja anaandika, na hakuna anayetoka kwenye mraba wao hadi kengele. Eneo likiwa dogo, macho hutulia. Tatizo ni kwamba mwalimu aliyesomea darasani tupu hajawahi kuona kipindi cha namna hiyo kikifaulu, na semina ya siku mbili hotelini haimwonyeshi.

Hatari nazo zipo. Chini ya mawe ya nyika kuna nge, na kwenye majani makavu kifutu hulala asijulikane. Kwa hiyo jiwe hugeuzwa kwa fimbo, kuelekea upande wa anayeligeuza ili kilicho chini kitoroke upande wa pili, na mguu huwa na kiatu. Kisha kuna ndovu. Sehemu kubwa ya Kaunti ya Taita Taveta imo ndani ya hifadhi za Tsavo zilizoundwa mwaka 1948, na hesabu ya mwaka 2021 ilikuta karibu ndovu 15,000 katika mfumo-ikolojia wa Tsavo. Wakati wa ukame hufuata maji hadi kwenye makazi ya watu. Mwalimu anayesita kuwapeleka watoto ng'ambo ya ua si mvivu. Ndiyo sababu ninasema uwanja, sisemi pori. Ndani ya ua mna kazi ya mwaka mzima.

Ila ndani ya ua nako kuna jambo tusilolitazama. Uwanja wa shule zetu hufagiwa kila asubuhi. Unapendeza, na kwa nyoka ni busara, maana penye wazi huonekana. Lakini ufagio hufuta nyayo za usiku, hung'oa miche, huzoa maganda na manyoya, kwa maneno mengine huondoa ushahidi kabla ya kengele ya kwanza. Tena uwanja ndipo mtoto anapotumwa akikosea: kung'oa magugu, kuokota taka, kubeba maji. Tanzania iliweka shamba la shule katika kiini cha Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, na hatari iliyolinyemelea shamba hilo popote lilipokwenda ni ileile: elimu kutoweka, jembe likabaki. Mtoto aliyezoea kuuona uwanja kama adhabu hataanza kuuona kama kitabu kwa sababu mtaala umebadilika.

Kuna pia lugha. Sera ya Kenya ni kwamba hadi Gredi ya 3 mtoto afundishwe kwa lugha ya eneo lake, na kuanzia Gredi ya 4 kwa Kiingereza. Kwenye ukanda huu lugha ya eneo ni Kitaveta, Kidawida, Kikamba au Kiswahili, kulingana na kijiji. Maana yake ni kwamba mtoto anafika umri wa kuanza sayansi yenyewe, ya kulinganisha na kutoa sababu, mwaka uleule anaopokonywa maneno ya kutajia vitu. Anajua majani matano ambayo mbuzi hayagusi na analo jina la kila moja, lakini majina hayo hayana mahali pa kuandikwa. Akinyamaza, atahesabiwa kuwa hajui. Daftari la uwanjani lenye safu ya jina la nyumbani, jina la Kiswahili na jina la Kiingereza, safu zote zikiwa na hadhi moja, haligharimu chochote zaidi ya wino.

Karatasi inayotawala uwanja

Vizuizi hivyo vyote hupungua shule ikiwa na sababu ya kuvikabili. Sababu hiyo hutolewa na karatasi ya mtihani, na Kenya inalo somo lake yenyewe kuhusu hilo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mtihani wa CPE wa kumaliza shule ya msingi ulikuwa wa kuchagua jibu moja kati ya kadhaa, na kwa sehemu kubwa uliuliza majina na maana za maneno. Tume ya Shirika la Kazi Duniani iliyotoa ripoti kuhusu ajira nchini mwaka 1972 iliutaja mtihani kuwa sehemu ya tatizo. Katika miaka iliyofuata H.C.A. Somerset alishiriki kuongoza marekebisho yake. Maswali ya sayansi yakaanza kumtaka mtoto atumie akili juu ya mambo ya moto, maji, mazao na mifugo ambayo hata mtoto wa kijiji anayaona. Aina ya swali haikubadilika: lilibaki la kuchagua. Kilichobadilika ni kile ambacho jibu sahihi lilihitaji. Na kila mwaka shule zilitumiwa jarida linaloeleza watoto walikosea wapi na kwa nini. Somo la marekebisho hayo ni la moja kwa moja: mwalimu hufundisha kinachoulizwa, basi uliza kinachostahili kufundishwa.

Leo Gredi ya 6 hufanya mtihani wa KPSEA, uliofanyika mara ya kwanza mwaka 2022. Mpangilio wake ulipotangazwa ulitoa asilimia 40 kwa karatasi ya mwisho na asilimia 60 kwa tathmini za shuleni za Gredi ya 4, 5 na 6. Ukisoma tarakimu hizo utadhani uwanja umeshinda. Lakini tathmini ya shuleni nayo huja na kazi zilizoandikwa mahali pamoja kwa nchi nzima, na mwalimu hupima kwa viwango vinne, kutoka anayezidi matarajio hadi aliye chini ya matarajio. Swali ni matarajio ya nani. Mtoto wa Salaita akiandika kwamba mbegu zake za mgunga hazikuota ingawa zilikuwa na maji, hewa na joto, je, amezidi matarajio au yuko chini yake? Mwalimu jasiri atampa alama ya juu. Mwalimu mwenye hofu ya mkaguzi ataandika jaribio limeshindikana, kisha atawaambia watoto wanakili jibu la kitabu. Wengi wetu tumelelewa na mwalimu wa pili, na hatumlaumu. Hakuna aliyemwambia kwamba jaribio halishindikani. Hujibu tu.

Uwanja nao hudanganya

Haki inataka upande wa kitabu usikilizwe. Uwanja peke yake ni mwalimu mbaya kwa mambo mengi. Kile kijiti nilichokisifu kinasema wazi kwamba jua linatembea na dunia imetulia. Hakuna kokoto zozote zitakazomwonyesha mtoto kwamba ni kinyume chake. Binadamu alitazama vivuli kwa maelfu ya miaka kabla ya kukubali hivyo, na hata hapo alihitaji hesabu, darubini na ubishi mkali. Kadhalika, vijidudu vya maji machafu havionekani kwa jicho. Mtoto aliyefundishwa kuamini macho yake tu atayanywa maji yanayong'aa.

Tena uwanja umejaa maneno ya watu. Kinyonga huuawa kwa mawe katika viwanja vingi kwa kudhaniwa kuwa ana sumu au mkosi, ilhali hana madhara na hula nzi. Mila ya kijijini haiwi sayansi kwa kuwa ni yetu, kama ambavyo sentensi ya kitabuni haiwi sayansi kwa kuwa imechapishwa. Zote mbili ni madai yanayongoja kupimwa.

Mfano mzuri wa dai lililopimwa uko kilomita chache kutoka Voi. Wafugaji na wakulima sehemu mbalimbali za Kenya wamejua kwa muda mrefu kwamba ndovu hukwepa mti wenye nyuki. Mwaka 2002 Fritz Vollrath na Iain Douglas-Hamilton walilichapisha jambo hilo kama utafiti. Lucy King akalifuatilia hadi likazaa uzio: mizinga ya nyuki iliyotundikwa na kuunganishwa kwa waya kuzunguka shamba, ndovu akiugusa waya mizinga inatikisika. Huko Sagalla, karibu na Voi, mashamba yenye uzio huo yamehesabiwa mwaka baada ya mwaka, na ndovu wengi wanaokaribia hugeuka. Kuhesabu huko kumeonyesha pia udhaifu wake: ukame mkali ukija maua hukosekana, nyuki huhama, na mizinga mitupu haimtishi mtu. Maneno ya wazee yalikuwa kweli, lakini bila kuhesabu hakuna ambaye angejua ni kweli kwa kiasi gani na ni lini yanaacha kuwa kweli.

Hapo ndipo kitabu na uwanja vinapohitajiana. Kitabu humpa mtoto wazo asiloweza kuliona, uwanja humpa kipingamizi asichoweza kukipuuza. Kitabu kikiachwa peke yake mtoto hujifunza kukariri, na uwanja ukiachwa peke yake huzalisha kijana mjanja wa porini asiyejua kwa nini. Sayansi huanza vinapogongana, na kazi ya mwalimu ni kutoharakisha kuviamua.

Yanayowezekana muhula ujao

Hatua zinazofuata kutokana na hayo ni ndogo, na hazingoji mfadhili. Kona moja ya uwanja iachwe bila kufagiwa, iwekewe mipaka ya mawe, na itazamwe kwanza kwa fimbo kabla ya mkono. Kopo moja la mvua lisomwe kila asubuhi na mtoto wa zamu, kama vile bendera inavyopandishwa na mtoto wa zamu. Daftari liwe la shule, si la mtoto, ili Gredi ya 4 ya mwaka huu iwaachie wa mwakani tarakimu zake. Mtoto mmoja akipima mvua amefanya zoezi. Shule ikipima miaka kumi imetengeneza kumbukumbu ambayo kijiji hakikuwa nayo.

Uzito wa kumbukumbu za namna hiyo unajulikana vizuri hapa. Wanasayansi wametoboa tope la chini ya Ziwa Chala, mpakani mwa Kenya na Tanzania, si mbali na Salaita, wakasoma ndani yake habari za mvua na ukame wa miaka 25,000. Chuo Kikuu cha Helsinki kina kituo cha utafiti huko Wundanyi, kwenye milima ya Taita. Mtandao wa TAHMO huweka vituo vya hali ya hewa katika shule za Afrika, zikiwemo za Kenya. Watoto wa nyika hii wanaishi katikati ya moja ya maabara zinazotazamwa sana Afrika Mashariki, na mara nyingi wao ndio wasioombwa kutazama.

Hatua iliyo ngumu zaidi ni ya ofisini. Tathmini ya shuleni iwe na angalau kazi moja kwa mwaka ambayo jibu lake halijulikani Nairobi, na ambayo alama zake zinatolewa kwa jinsi mtoto alivyopima, alivyoandika na alivyotoa sababu. Jibu la Taveta lisifanane na la Kericho, na tofauti hiyo ihesabiwe kuwa mafanikio. Mahali pa kuanzia pako wazi: muulize kila mtoto wa Kenya kivuli cha kijiti kwao kilikuwa kifupi kuliko vyote saa ngapi.

Mwanzoni mwa Oktoba ijayo mwalimu wa Salaita anaweza kuwatoa watoto nje dakika tano kabla ya saa sita. Saa sita itafika, na kivuli kitakuwa bado kipo, chembamba, upande mmoja wa kijiti. Mwenye jibu mfukoni atarudi darasani kwenye ubaridi. Watakaobaki juani dakika ishirini zaidi watakiona kikiisha.